Uboho wa Abdalla

Wasichana wawili wanaosomea uuguzi wamepanga chumba kwangu hapa Kahawa Wendani. Juzi jioni mmoja wao, Shiro, alikuwa ameketi kwenye ngazi na kitabu magotini. Akaniita nikiwa naanua nguo.

"Mathe, hii kitu ulishaiona kweli ama ni ya vitabu tu? Ati mtu anapewa uboho ya mwingine, halafu hizo chembe zinaanza kumkula yeye?"

Nikamwambia niliiona. Nikakaa naye pale ngazini mpaka chai yangu ikapoa, na bado sikummalizia. Basi haya nayaandika kwa ajili yake na mwenzake, na kwa wengine wenu mnaovaa sare nyeupe kwa mara ya kwanza mkidhani kitabu kimeshasema yote. Kitabu kinasema kweli. Ila hakikuambii mama wa mgonjwa atakuwa amekaa wapi utakapomweleza.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Thika. Kazi ya uuguzi nimeifanyia huko huko, katika hospitali nisiyoitaja, mpaka magoti yakakataa ngazi. Tulianza kwa kuchemsha sindano za kioo kwenye sufuria, na nimeondoka nikiwaacha wenzangu wakigombana na kompyuta. Aliyenifunza kazi hasa si mwalimu wa chuoni bali ni Sista Perpetua, msimamizi wa wodi yetu. Alikuwa mwanamke mnene ajabu na hatua zake hazikusikika kamwe. Ungekuwa unasimulia umbea kando ya dirisha, ukigeuka yuko nyuma yako anasubiri umalizie.

Sista Perpetua alitulazimisha tumsalimie kila mgonjwa kwa mkono. "Mshike," alikuwa akisema. "Hapo umeshajua kama ana homa, kama anatetemeka, kama ana hofu. Na ugeuze kiganja ukitazame. Uso wa mtu hudanganya, kiganja hakijui kudanganya."

Katikati ya miaka ya tisini amri hiyo ilikuwa ngumu. Ukimwi ulikuwa umeingia kila mtaa, na watu walikuwa wakiogopa hata kikombe kilichotumiwa na mgonjwa. Aliyekonda alihukumiwa kabla hajapimwa. Neno "kinga" lilikuwa kinywani mwa kila mtu, kanisani, msikitini, sokoni: fulani ameisha kinga, fulani hana kinga tena. Lishikeni jambo hilo akilini, maana bila hilo hamtamwelewa mama ninayetaka kuwaeleza habari zake.

Mama huyo alikuwa wa Gatongora, Ruiru, mjane, mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimiwa. Binti yake Nyambura alikuwa mwalimu wa chekechea. Nyambura alipopata saratani ya damu alianza kutibiwa Nairobi. Dawa zikaituliza, lakini madaktari wakasema itarudi, na njia iliyobaki ni kubadilishiwa uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa inayozaa damu. Hapa kwetu haikuwa ikifanywa. Ingebidi aende India, na aende na ndugu ambaye chembe zake zinafanana na zake.

Wakapimwa ndugu wote. Msifikiri ni jambo la hakika. Watu wanaweza kuwa watano, mama mmoja baba mmoja, na asipatikane hata mmoja wa kulingana. Kwa Nyambura alipatikana mmoja tu. Naye alikuwa Kamau.

Kamau alikuwa mkata mawe kwenye machimbo ya Kalimoni. Huko alifahamiana na Zainabu, binti wa jirani yangu pale Majengo, wakapendana, akasilimu akaitwa Abdalla. Siku mama yake alipopata habari alimwambia asikanyage tena Gatongora. Na hakukanyaga. Nyambura naye, kwa kumwogopa mama, hakwenda harusini. Ilipita miaka bila salamu, hadi kaka yao mmoja alipomfuata machimboni akamwambia, "Nyambura anakufa, na sisi wengine hatulingani naye. Umebaki wewe." Abdalla aliosha vumbi, akaenda kupimwa, akalingana, akasafiri. Walimtoboa nyonga kwa sindano nene, wakavuta uboho, wakamtilia dada yake kwa mpira kama mtu anavyotiliwa damu. Alirudi anachechemea, akashika nyundo yake akaendelea na kazi.

Nyambura aliporudi watu wa kanisa walimpokea kwa nyimbo. Nami nilisikia habari hizo kwa Zainabu, nikamshukuru Mungu, nikazisahau.

Kisha siku moja asubuhi akaletwa wodini kwetu akishikiliwa na mama yake. Nikamsalimia kwa mkono. Kiganja kilikuwa chekundu na cha moto, na alipofunga vidole alikunja uso kama aliyeungua. Nikatazama nyayo, vivyo hivyo. Nyuma ya masikio, vivyo hivyo. Mchana ule ule akaanza kuharisha, maji matupu yenye rangi ya kijani, na kesho yake macho yake yakaanza kuwa ya manjano.

Daktari wetu, Dkt. Mutiso, alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye kufikiri huku akijikuna kidevu. Hakubahatisha. Alimpima kila kitu: surua, homa ya matumbo, ini, na ukimwi pia, akakuta hana. Wodini hilo halikusaidia. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikwisha kuhamisha vikombe vyao. Mwanamke mmoja alinivuta pembeni. "Sista, mbona mnatudanganya? Huyu si tunajua yuko na nini?"

Daktari akapiga simu India. Zama hizo ulikaa ukisubiri laini, ukipata ukapiga kelele kama unaita mtu ng'ambo ya mto. Alipomaliza alituita wauguzi ofisini mwake, akafunga mlango.

"Mmezoea kusikia mtu akipandikizwa kitu, mwili wake unakikataa," alisema. "Huyu ni kinyume. Kilichopandikizwa ndicho kinachomkataa yeye. Pamoja na uboho wa kaka yake ziliingia chembe nyeupe, zile za kinga, zinazoitwa T. Kazi yake ni kutambua kisicho cha kwao na kukiua. Sasa ziko katika mwili wa Nyambura, na kila zikitazama zinaona ugeni. Zinashambulia ngozi, utumbo, ini."

"Lakini si walilingana?" akauliza mwenzangu.

"Walilingana kwa yale makubwa. Kuna madogo ambayo hata ndugu hutofautiana. Ndiyo maana alipewa dawa ya kuzituliza. India wameniuliza swali moja tu: anameza zile tembe?"

Tulipomuuliza mama, alisema anameza. Tulipomuuliza Nyambura, aligeukia ukutani.

Mama hakuwa mtu wa kelele. Alikaa kando ya kitanda na Biblia yake na chupa ya uji, akimpangusa mwanawe midomo. Lakini Daktari alipojaribu kumweleza kwamba zilizoleta vita ni chembe za kaka yake, uso wake ulijifunga.

"Hiyo nilijua," akasema. "Hata kabla waende. Hiyo damu si ya kwetu tena. Aliitoa kwa nyumba yangu akaipeleka kwingine. Sasa imekuja kuniulia mtoto."

"Mama, si hivyo."

"Wewe ni daktari, mimi ni mzazi. Alimpa na roho mbaya."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na kitambaa changu kichwani, Mwislamu wa wazi, nimeshika jagi la kupimia choo cha binti yake. Alinitazama, nami nikamtazama. Nikaendelea kupima. Kuna wakati mgonjwa anahitaji jagi lako kuliko hoja zako.

Na hapa niwaambie jambo la kazi. Kwa ugonjwa huu, choo hupimwa. Hamkadirii kwa macho mkaandika "kingi". Unamimina, unasoma, unamwambia daktari, kwa sababu yeye anajua moto umepanda au umeshuka kwa kipimo hicho. Ngozi haisuguliwi. Mlowesheni kwa maji vuguvugu, mkaushe kwa kugusagusa, mpake mafuta ya mgando, shuka liwe laini lisilo na mkunjo. Nyambura alikuwa akichubuka mgongoni kama kiazi kilichochemshwa, na kumgeuza ilikuwa kazi ya watu watatu. Hakupiga kelele. Alikuwa akihesabu kwa sauti, moja mbili tatu, kama anavyowahesabia watoto wa chekechea.

Abdalla alikuja siku ya nne au ya tano, sikumbuki vizuri, saa ya kutembelea wagonjwa. Alikuwa bado na vumbi la mawe kwenye nyusi. Mama alipomwona alisimama, akatoka, akampita bila kumwangalia. Kijana yule mkubwa, mwenye mikono kama sepetu, akabaki amesimama katikati ya wodi akiwa na mfuko wa machungwa.

Alikaa kidogo na dada yake. Nyambura alimwambia, "Kamau, samahani kwa harusi," naye akamwambia, "Wacha hiyo." Kisha akanifuata mezani kwangu karibu na mlango.

"Sista Rehema, nikuulize kitu, lakini usinicheke."

"Uliza."

"Siku ile wananitoa uboho, nilikuwa na hasira. Si na Nyambura. Na mathe. Nililala pale nikafikiria, sasa ndio wananijua. Inaweza kuwa ile hasira iliingia kwa hiyo kitu?"

Nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii. Hilo sijaweza kulisahau.

"Abdalla," nikamwambia, "chembe za damu hazijui hasira. Hazijui dini, hazijui Gatongora wala Majengo. Hata jina lako hazilijui, la zamani wala la sasa."

"Sasa mbona zinampiga?"

"Kwa sababu ni nzima. Zinafanya kazi yake. Zimehamia mahali pageni na hakuna wa kuzituliza. Kungekuwa na dawa mwilini zingetulia, zikazoea taratibu. Kosa si lako."

Nyuma yetu kitu kiligonga sakafu. Ilikuwa chupa ya uji. Mama alikuwa amerudi kuichukua kwenye meza ya mlangoni, na alikuwa amesikia.

"Sista," akasema. Alishika ukingo wa meza. "Mimi ndio nilimwachisha dawa."

Abdalla akainama, akaiokota ile chupa; mama akaendelea.

"Nilienda kwa duka la dawa nikauliza hizi ni za nini. Kijana akaniambia, hizi ni za kushusha kinga. Ngai! Kushusha kinga? Sista, huku kwetu kila Jumamosi tunazika mtu kwa sababu ya kukosa kinga. Wewe ungempa mtoto wako? Na zilikuwa zinanuka kama beberu, zinamtapisha. Nikamwambia Nyambura tuache, tuombe. Akaniambia Daktari ataudhika. Nikamwambia tusimwambie."

Ni kweli zilikuwa zikinuka, tembe zile. Tulizifunga katika mifuko miwili na bado kabati zima lilinuka zizi.

Nikamwita Dkt. Mutiso. Alikuja, akasikiliza yote, akavuta kiti akaketi karibu na mama ili asimsemeshe akiwa amemsimamia. Tulidhani atamkaripia.

"Mama," alisema, "kwa hayo uliyokuwa ukiyajua, ungefanya nini kingine? Ukimwi huua kinga. Huyu kinga haikufa. Ni kali mno, na ni ya mtu mwingine. Kuna mwenye kuishiwa na maji, na kuna mwenye mafuriko. Wote wawili wanaweza kufa, lakini huwapi dawa moja."

Mama akaitika kwa kichwa. Kisha akauliza, "Sasa mtaziua zote, hizo za Kamau?"

"Hapana. Nikiziua zote, saratani itarudi. Hizi hizi zinazomuumiza ndizo zinazosaka mabaki ya saratani. Nataka nizipunguze makali, zibaki kazini."

Alianza kumpiga sindano za kushusha makali, dozi kubwa, na tembe zikarudishwa. Msidhani palipambazuka mara moja. Dawa zile zilifungua mlango mwingine. Ulimi ulifunikwa na utando mweupe, uso ukavimba kama andazi, homa ikapanda na kushuka. Kuna siku tatu ambazo nilipoingia zamu nilikuwa nikitazama kwanza kama kitanda bado kina mtu. Utumbo ulitoa damu, na ikabidi aongezewe.

Hapo ndipo mtu wa maabara alipotupigia simu kwa hasira. "Mmechanganya chupa! Huyu alipimwa hapa kabla ya kwenda India, ni kundi A. Mmeniletea O."

Nikashuka mwenyewe na chupa nyingine, niliyoitoa kwa mkono wangu kitandani pa Nyambura. O tena. Tukamwita Daktari tukidhani ameshatupata na makosa, naye akacheka. Ndiyo mara ya kwanza tulimwona akicheka tangu Nyambura alazwe.

"Uboho umeshika," alisema. "Damu yote anayoizaa sasa ni ya kundi la kaka yake." Kisha akaagiza damu ya kuongezwa ipitishwe kwanza kwenye mashine ya miale Nairobi, ili chembe nyeupe za mchangiaji zisije zikaanzisha vita vyake. Nanyi mkipata mgonjwa wa namna hii, muulizeni alikuwa kundi gani na aliyempa uboho ni kundi gani, mkaijulishe maabara mapema. Msingoje watu wagombane kwenye simu.

Mama alikuwa pale. "Ati sasa Nyambura ni damu gani?"

"O, mama."

"Mimi ni A. Hata yeye alikuwa A kama mimi." Akapiga hesabu yake kwa vidole. "Kamau ndiye O?"

"Ndiyo."

"Marehemu mzee wangu alikuwa O," akasema polepole. "Walimpima wakati wa upasuaji. Nakumbuka."

Alikaa na Biblia imefungwa mapajani. Baadaye akanyanyuka, akajifunga leso vizuri, akaniambia nimwangalizie mtoto, anatoka kidogo.

Yaliyofuata sikuyaona, nilielezwa na Zainabu. Alisikia hodi, akakuta mwanamke mzima mlangoni, viatu vimejaa vumbi, ameulizia nyumba hiyo Majengo nzima. "Nimekuja kwa Kamau," akasema. Zainabu akamjibu, "Abdalla yuko msikitini, mama, anarudi sasa hivi. Karibu ukae." Mama akavua viatu akaingia, akaketi. Zainabu akampa chai, na mjukuu ambaye hakuwahi kumwona akampanda mapajani bila kuuliza ruhusa.

Nyambura alitoka hospitalini akitembea. Ngozi mpya ilikuja yenye mabaka. Lakini ugonjwa huu una mkia mrefu, na hilo muwaambie wagonjwa wenu mapema, kwa ukweli. Mikono ilibaki migumu kidogo. Mdomo ulikauka, hakuweza kula andazi bila chai. Na macho yaliacha kutoa machozi. Chembe zile zilikuwa zimeharibu visima vyake vya machozi, ikambidi atembee na kichupa cha dawa ya kutonesha machoni. Alirudi chekechea. Saratani haikurudi. Miezi ilipita, kisha miaka, na kila alipokuja kliniki Dkt. Mutiso alitazama damu yake, akasema, "Kaka yako bado yuko zamu."

Kisha zikaja mvua kubwa, zikalainisha kuta za machimbo ya Kalimoni. Ukuta mmoja uliwaangukia watu asubuhi, wakiwa kazini. Abdalla alikuwa mmoja wao.

Alizikwa siku ile ile baada ya alasiri, kama ilivyo kwetu. Sisi wanawake tulikaa nyumbani kwa Zainabu, juu ya mikeka, chumba kimejaa hadi mlangoni. Mama alikuja na Nyambura kutoka Gatongora, wakaketi na mjane. Vilio vilikuwa vinapanda na kushuka. Nyambura peke yake alikaa macho makavu, mekundu, akitazama mbele.

Nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Hata chozi? Na si ndiye aliyempa uhai?"

Nyambura alisikia. Alipapasa mfuko wake akatoa kichupa, lakini vidole vyake vigumu havikuweza kukifungua. Nikasogea, nikamwinamisha kichwa nyuma, nikamtonesha. Nilitia matone mengi kupita kiasi, yakafurika, yakamtiririka mashavuni. Hakuyafuta.

"Sista Rehema," akaniuliza kwa sauti ya chini, "bado ziko?"

"Zipi?"

"Za Kamau. Ziko hai kweli, hata sasa?"

"Ziko," nikamwambia. "Zinazaliwa kila siku."

Mama yake alikuwa amesikia. Akauchukua mkono wa Nyambura kwa mikono yake miwili, akaulaza kifuani pake, juu ya leso, na hakuuachia mpaka wanaume waliporudi kutoka makaburini.